Kengele za Mashine Wodini: Jinsi ya Kuzipanga Zisikatizane Kauli

Bomba la mashine ya kupumulia likiachana na mrija ulio kooni mwa mgonjwa, mashine hulia ndani ya sekunde chache kwa sababu presha ya hewa imeshuka. Punde monita nayo hulia kwamba haioni pumzi. Oksijeni ya damu ikianza kuporomoka, monita hulia tena kwa jambo jingine, na kama kitanda kimeunganishwa na skrini ya meza ya wauguzi, skrini hiyo hurudia yote. Tukio ni moja, milio ni minne au mitano, na sista anayekuja mbio hajui aanzie wapi.

Mwongozo huu ni wa wasimamizi wa wodi na mafundi wa mitambo ya tiba wanaotaka kumaliza vurugu hiyo katika ICU, HDU (wodi ya uangalizi wa karibu) au chumba cha watoto wachanga chenye vitanda 4 hadi 12 hapa Nairobi, mahali ambapo monita imenunuliwa, pampu zimetolewa msaada na mashine ya kupumulia imetoka kwa mtengenezaji wa tatu. Tunasimamia kanuni moja: kila tukio liwe na mlio mmoja unaolimiliki, na kila mlio uwe na mtu aliyepewa kazi ya kuusikia.

Anza kwa kusikiliza

Usiguse mpangilio wowote kabla ya kujua hali ilivyo. Chukua daftari, pita kitanda kwa kitanda, na uandike kwa kila mashine: aina na modeli, toleo la programu ya ndani, vikomo vya juu na vya chini vilivyowekwa, kitufe cha kunyamazisha hunyamazisha kwa muda gani (nyingi ni dakika 2, lakini pima kwa saa), na mashine hufanya nini ikizimwa kisha ikawashwa. Hilo la mwisho husahaulika sana. Mashine nyingi zikiwashwa upya hurudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na kazi yote utakayoifanya itafutika siku stima ikipotea kama hukuihifadhi kama mpangilio wa wodi.

Rekodi kila mlio kwa simu, kisha wachezee wauguzi wa zamu zote mbili bila kuwaonyesha mashine. Waulize: hii ni nini, na ni ya haraka kiasi gani? Mlio ambao zaidi ya nusu yao wanaukosea una shida hata kama mashine yenyewe haina kasoro.

Halafu hesabu kwa saa 72 mfululizo, usiku na wikendi zikiwemo. Kila kengele ipewe alama moja kati ya tatu: ilihitaji mtu afanye kitu, ilikuwa ya kweli lakini haikuhitaji lolote, au ilikuwa ya uongo. Kwenye monita zinazoweka kumbukumbu, toa kumbukumbu hizo badala ya kutegemea macho peke yake. Jiandae kwa idadi kubwa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, uliochapishwa 2014, ulihesabu kengele zaidi ya milioni 2.5 katika vitanda 77 vya ICU kwa siku 31. Zenye mlio zilikuwa wastani wa 187 kwa kitanda kwa siku. Kelele za mlango haziniwasi usingizi, ndivyo Waswahili wanavyosema, na hicho ndicho kinachompata muuguzi hodari baada ya miezi michache: sikio linazoea, na siku ya mlio wa kweli halishtuki.

Milio inasema nini

Kiwango cha kimataifa kinachotawala jambo hili ni IEC 60601-1-8 (IEC ni tume ya kimataifa ya viwango vya umeme), kilichorekebishwa mara ya mwisho mwaka 2020. Kinagawa kengele katika madaraja matatu. Ya juu hulia mkupuo wa milio mifupi 10, ikipangwa mitatu, miwili, kisha mitatu, miwili, na taa yake ni nyekundu inayomweka haraka. Ya kati hulia milio 3, taa ya manjano ikimweka polepole. Ya chini hulia mlio 1 au 2, na taa yake, ya manjano au samawati, huwaka bila kumweka.

Kiwango hicho pia kinataka kila mlio uwe na sauti ya msingi kati ya 150 Hz na 1,000 Hz, pamoja na sauti nyingine za juu yake zinazoambatana nayo. Sababu ni ya vitendo. Sauti iliyochanganyika hivyo sikio huijua imetoka upande gani, na haimezwi kwa urahisi na kelele nyingine. Buza ndogo ya mashine ya zamani, inayopiga sauti moja nyembamba, husikika chumba kizima lakini huwezi kusema ni ya kitanda kipi. Ukiwa na mashine za namna hiyo, usiziweke mbili katika vitanda vinavyopakana.

Ingia kwenye menyu ya kila mashine utafute chaguo la aina ya mlio. Monita nyingi zina milio ya mtengenezaji na milio ya IEC. Weka ya IEC kote. Mashine isiyoweza kubadilishwa, kama konsentreta nyingi za oksijeni (mashine zinazochuja oksijeni kutoka hewani), iandikwe kwenye karatasi inayobandikwa ukutani: mlio huu mrefu usiokatika ni konsentreta, maana yake stima imekatika au oksijeni imepungua usafi. Marekebisho ya 2020 yaliongeza milio inayofanana na kinachotokea, kwa mfano sauti ya mapigo kwa mambo ya moyo na sauti ya pumzi kwa mambo ya hewa, na watu huijifunza haraka kuliko vituni vya zamani. Lakini usiwashe milio hiyo kwenye mashine moja tu huku nyingine zote zikiendelea na ya zamani. Subiri hadi wodi nzima iweze.

Tukio hili ni la nani?

Hapa ndipo penye kazi, na fundi peke yake haiwezi. Kaeni watatu: daktari wa wodi, muuguzi anayeongoza zamu, na fundi. Chukueni matukio yanayoua au kuumiza, moja moja, na mkubaliane mashine ipi ndiyo mmiliki. Nyingine zinazoona tukio hilohilo zibaki kama walinzi wa pili: zilie baadaye, au kwa daraja la chini. Hazizimwi.

Bomba kuachana, presha kuzidi kifuani, mgonjwa kuacha kupumua akiwa kwenye mashine: mmiliki ni mashine ya kupumulia, daraja la juu. Monita inayohesabu pumzi kupitia elektrodi (vibandiko vyenye waya) za kifuani inaweza kukosea, kwa maana inapima kifua kinavyotanuka, na wakati mwingine huhesabu mtikisiko wa moyo kama pumzi. Kwa mgonjwa aliye kwenye mashine, kengele hiyo ya pumzi ya monita inaweza kushushwa daraja. Oksijeni ya damu ibaki palepale, kwa sababu ndiyo itakayosema kama mashine ya kupumulia yenyewe imekosea.

Moyo kusimama au kupiga ovyo ni wa monita, kutoka kwenye ECG (kipimo cha umeme wa moyo). Monita nyingi zinaweza kutoa kengele ya mapigo kutoka ECG na pia kutoka kibanio cha kidole kinachosoma oksijeni ya damu. Chagua chanzo kimoja. Kama kuna kipimo kidogo cha oksijeni cha pembeni kinachofanya kazi sambamba na monita, kiondoe kitandani.

Pampu za sirinji zinahitaji fikra zaidi. Mrija ukiziba kwenye pampu ya noradrenalini, dawa ya kupandisha presha, wengi hudhani pampu italia mara moja. Haifanyi hivyo. Ikisukuma mililita 1 kwa saa kwa sirinji ya mililita 50, presha hupanda taratibu sana, na kama kikomo cha presha kimewekwa juu, zaidi ya nusu saa inaweza kupita kabla ya mlio. Muda wote huo dawa haimfikii mgonjwa. Kwa hiyo mmiliki wa tukio hilo, ukweli ukisemwa, ni kengele ya presha ya damu kwenye monita, nayo iwe ya daraja la juu kwa kila mgonjwa aliye kwenye dawa za kupandisha presha. Kwenye pampu, shusha kikomo cha presha ya kuziba hadi ngazi ya chini isiyoleta kengele za uongo, na tumia sirinji ndogo pale inaporuhusiwa. Na mrija ulioziba usifunguliwe ghafla: dawa iliyobanwa itaingia kwa mkupuo. Legeza presha kwanza upande wa pampu.

Onyo la dawa kukaribia kuisha ligawanywe pia. Kwa maji ya kawaida ya dripu, dakika 5 hadi 10 zatosha, daraja la chini. Kwa dawa ya presha, weka dakika 30, maana sirinji mpya huchukua muda kuandaliwa na duka la dawa la usiku huenda liko ghorofa nyingine.

Vikomo, na hewa ya Nairobi

Jiji hili liko karibu mita 1,700 hadi 1,800 juu ya bahari, na presha ya hewa hapa ni takriban asilimia 82 ya ile ya Mombasa. Hilo huleta kengele mbili ambazo vitabu vya mashine havizitaji vya kutosha. Kwanza, mtu mzima mwenye afya anaweza kusoma oksijeni ya damu chini kidogo kuliko mtu wa pwani, hivyo kikomo cha chini kilichokuja na mashine kinaweza kulia bure. Kikomo kiwekwe na daktari kwa kila mgonjwa. Pili, sensa ya oksijeni ya kikemikali iliyo ndani ya mashine nyingi za kupumulia hupima presha ya oksijeni, si asilimia. Ikisawazishwa usawa wa bahari kisha ikaletwa hapa, hewa ya kawaida ya asilimia 21 itaisoma kama 17 hivi, na mashine italia kwamba oksijeni ni pungufu. Sawazisha sensa hapahapa wodini, kwa hewa ya kawaida na kwa oksijeni safi, na kama mashine ina sehemu ya kuingiza mwinuko, iingize.

Kwa mtoto njiti aliye kwenye oksijeni, kikomo cha juu ni cha lazima, kwa kawaida asilimia 95, kwa sababu oksijeni ikizidi huharibu macho yake. Lakini siku akiondolewa oksijeni na kuvuta hewa ya kawaida, kikomo hicho hakina kazi tena. Kisipoondolewa, monita italia kutwa kwa sababu mtoto yuko vizuri. Angalieni hili katika kila kupokezana zamu.

Kitambaa cha presha kisifungwe mkono uliobeba kibanio cha kidole. Kikijaa hewa, damu inakatika na monita hulia kwamba oksijeni haisomeki, kila dakika 15, usiku kucha.

Ucheleweshaji ndio dawa rahisi kuliko zote. Oksijeni ikigusa asilimia 89 kwa sekunde 4 mgonjwa akikohoa, hakuna wa kufanya kitu. Utafiti mmoja wa ICU uliochapishwa 2009 ulionyesha kwamba kungoja sekunde 14 kabla ya kutoa mlio kungeondoa nusu ya kengele zinazopuuzwa au zisizo na faida. Sisi hupendekeza sekunde 10 hadi 15 kwa oksijeni ya damu kwa watu wazima, na sifuri kwa moyo kusimama, kwa moyo kupiga ovyo na kwa bomba kuachana. Kabla ya kuongeza, soma kitabu cha mashine: monita nyingi tayari huchukua wastani wa sekunde 8 au zaidi, na ucheleweshaji wako unajumlishwa juu ya huo.

Elektrodi za ECG zibadilishwe kila siku, ngozi ikiwa imesafishwa kwa maji na sabuni na kukaushwa. Katika wodi mbili za Johns Hopkins, Marekani, hatua hiyo peke yake ilipunguza kengele kwa asilimia 46. Bei ya elektrodi inalalamikiwa kila mahali, lakini hatujui njia nyingine inayorudisha faida upesi hivyo.

Sauti iwe kubwa kiasi gani

Pima kwa kipimo cha sauti chenye mizani ya A, inayopima sauti kama sikio la mtu linavyoisikia. Simu itakupa ulinganisho tu, usiiamini kwa namba. Simama meza ya wauguzi, pima kelele ya kawaida, kisha uwashe kengele ya daraja la juu ya kitanda cha mbali zaidi. Ipite kelele ya kawaida kwa takriban dB 10. Ikiwa wodi ni dB 55, kengele ifike meza kwa dB 65. Rudia jenereta ikiwa inanguruma, milango ikiwa imefungwa na, kama paa ni la mabati bila dari nene, mvua ikinyesha. Mvua ya Aprili juu ya mabati humeza pampu zote.

Kisha funga kwa neno la siri kiwango cha chini kabisa cha sauti, ili mtu asiweze kushusha hadi sifuri saa nane za usiku. Kwa watoto wachanga, pampu na monita zisiwekwe juu ya inkubeta, maana ganda lake hupeleka mtikisiko ndani. Pendekezo la madaktari wa watoto wa Marekani ni kelele isizidi dB 45 kwao. Ukikuta spika imezibwa kwa plasta, usianze kwa kumtafuta aliyeibandika. Tafuta kengele iliyomchosha, ndiyo yenye kosa.

Kuunganisha

Njia ya bei nafuu ni tundu la kumwita muuguzi lililo nyuma ya monita na pampu nyingi. Ndani yake kuna rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme. Unganisha kwa namna ambayo saketi imefungwa wakati wote mambo yakiwa sawa, na kengele huifungua. Waya ukikatwa na panya au ukang'olewa na mfagiaji, taa ya mezani itawaka yenyewe. Ukiunganisha kinyume, waya uliokatika utakuwa kimya kama wodi tulivu. Fuata volti zilizoandikwa kwenye kitabu cha mashine, na usipitishe stima ya 240 V humo kamwe. Udhaifu wake ni kwamba inasema tu "kitanda cha 4", haisemi nini. Kwa vitanda 6 inatosha.

Ukienda kwenye mtandao, tumia waya. Wi-Fi iwe ya ziada. Monita ziwe na mtandao wake zenyewe, mbali na kompyuta za rekodi na simu za wageni. Kila mashine ipewe anwani ya kudumu, kwa sababu mashine mbili zikigongana anwani, kitanda kimoja hutoweka kwenye skrini bila mlio wowote. Swichi ya mtandao na seva ziwe kwenye UPS (betri ya akiba) ya dakika 30 angalau. Saa za mashine zote zisawazishwe kutoka chanzo kimoja, la sivyo ukichunguza tukio utakuta pampu imelia "kabla" ya mrija kuziba.

Lililo muhimu kuliko yote ni kujua mfumo wako uko ngazi gani. Kuna unaopeleka taarifa tu, bila ahadi ya kufika. Kuna unaoahidi kufikisha ujumbe kwenye kifaa. Na kuna unaosubiri binadamu akubali kwamba ameupokea. Katika ule wa tatu peke yake ndipo mlio wa kitandani unaweza kupunguzwa, kwa sharti kwamba mawasiliano yakikatika mashine inarudia kulia yenyewe. Familia ya viwango ya IEEE 11073 SDC, ya kuunganisha mashine za tiba za watengenezaji tofauti, imejengwa kwa wazo hilo. Mfumo usioweza kulithibitisha, acha kitanda kiendelee kulia.

Muda wa kupandisha kengele isiyojibiwa kwa mtu mwingine tunaoshauri kwa daraja la juu: sekunde 0 kwa muuguzi wa kitanda, asipokubali kwa sekunde 30 uende kwa mwenzake, na kwa sekunde 60 uende kwa wote pamoja na daktari wa zamu. Ujumbe uandike kitanda, tukio na saa, bila jina la mgonjwa. Habari za afya ni data nyeti chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na makundi ya WhatsApp si njia ya kupeleka kengele.

Jaribio kabla ya mgonjwa

Fanya kwenye kitanda kitupu, ukishika saa, na uandike sekunde za kila hatua.

1. Chomoa bomba kwenye pafu la majaribio. Hesabu milio yote inayofuata. Mmiliki alie kwanza.
2. Bana mrija wa pampu kwa klipu, kwa kasi ileile inayotumika kwa mgonjwa, na upime dakika hadi mlio.
3. Toa kibanio cha kidole. Iwe kengele ya kiufundi, isije ikasomeka kama oksijeni imeshuka.
4. Nyamazisha kwenye skrini ya mezani, uone kama kitanda nacho kimenyamaza, na kama kengele mpya ya tukio jingine bado inalia. Kengele mpya isipolia, hukunyamazisha sauti, umezima ulinzi. Angalia alama: kengele iliyopigwa mkasi (X) wa vistari ni sauti iliyositishwa kwa muda, mkasi wa mistari kamili ni sauti iliyozimwa, na pembetatu yenye mkasi ni kengele iliyozimwa yenyewe.
5. Chomoa waya wa mtandao. Ndani ya sekunde 10 meza iseme kitanda kimepotea, na kitanda kilie kwa sauti yake kamili.
6. Zima swichi yote ya mtandao. Hapa ndipo mifumo mingi hufeli.
7. Kata stima, ngoja jenereta ishike, kisha uangalie kama vikomo na sauti vimebaki vilevile. Pampu inayokufa papo hapo bila hata kulia betri yake imekwisha. Itolewe wodini siku hiyo.

Rudia hatua za 1, 5 na 7 kila mwezi, na zote saba kila programu ya mashine inapobadilishwa au mashine ya kuazima inapoletwa kutoka wodi nyingine. Mashine ya kuazima huja na vikomo vya kwao. Fundi aibandike kadi yenye tarehe na sahihi baada ya kuipanga upya, na isiyo na kadi isifungwe kwa mgonjwa isipokuwa kwa dharura.

Baada ya wiki 6, hesabu tena saa 72 kwa njia ileile. Usitazame jumla peke yake. Tazama sehemu ya kengele zilizohitaji mtu afanye kitu, na sekunde kati ya mlio na mkono wa sista kugusa kitanda. Jumla ikishuka huku sekunde hizo zikibaki palepale, kuna kengele mliyoiondoa isiyokuwa ndiyo iliyowachosha watu. Rudini kwenye daftari la kwanza mwitafute.